Tumbo yenye inflamasio: namna ya kuichunga mbele kovu ifunge njia

Bandugu wa Bukavu, hii naandika juu ya wale wenye tumbo inawauma miezi na miezi, leo wanapewa dawa ya amiba, kesho ya minyoo, keshokutwa ya tifoide, na hakuna mtu ametafuta kinachowaka ndani. Mdogo wangu alipita hiyo njia miaka mitatu. Mwisho njo walimpasua wakatoa kipande cha utumbo kama shibiri moja, dokta akatuonyesha: kigumu kama kandambili ya zamani, na katikati katundu ambako hata kalamu ingepita kwa shida, wakati utumbo mwembamba wa mtu mzima uko na upana wa karibu sentimeta 2,5. Alikuwa na ugonjwa wa Crohn, inflamasio ya matumbo yenye kurudia-rudia.

Kwanza uelewe kovu inatoka wapi. Angalia mahali uliwahi kuungua na mbabula. Siku za kwanza ni nyekundu, imevimba, inauma: hiyo ni inflamasio, mwili unaleta askari wake. Kisha zinakuja seli za kutengeneza, fibroblasti, zinatandaza kolajeni, zile nyuzi ngumu za kovu, ngozi inafungika, inang'aa, inakaza, ukiivuta haivutiki. Utumbo unafanya vile vile, ila kwa Crohn moto hauishi, unazima leo na kesho unawaka tena pale pale, na kila mara fibroblasti zinaongeza kolajeni juu ya ile ya zamani, ukuta unanenepa na njia inabaki nyembamba. Na Crohn inaweza kuchoma unene wote wa ukuta, siyo utando wa ndani tu, sana-sana pale utumbo mwembamba unapoishia, chini upande wa kuume.

Hapa njo watu wengi wanapotea: kortizone, dawa ya kutuliza inflamasio, inazima moto, lakini haiyeyushi kovu. Mtu anasikia nafuu anasema nimepona, kumbe kovu iko pale, na ugumu wake wenyewe unaendelea kusukuma fibroblasti zifanye kazi. Kwa hiyo moto uzimwe mapema.

Nunua kaye, daftari. Kila siku andika ulikula nini, saa ngapi, maumivu yakaja saa ngapi, choo kikoje, na kila wiki kilo zako. Kuharisha, damu, homa, kukonda, hizo sana-sana ni alama za moto. Kovu iko na tabia yake: unakula, saa moja hivi inapita, tumbo inakaza na kuachia, inakaza na kuachia kama uchungu wa kuzaa, inajaa, inanguruma mpaka mwenye kukaa kando yako anasikia, kisha kitu kinapita na unapata nafuu. Saa zingine vyote viwili viko pamoja, njo maana dokta anahitaji hiyo kaye.

Ukifika kwake, uliza juu ya CRP katika damu na kalprotektini katika choo, vipimo vya kuonyesha kama moto unawaka, skanere (picha ya ndani ya tumbo), na kolonoskopi (mpira wenye kamera wanaopitisha kwa nyuma) yenye kuchukua biopsi, yaani kakipande ka utumbo ka kupima. Na hili usiliache: waangalie TB ya matumbo kwanza, kwetu huku iko, inapenda mahali pale pale na yenyewe pia inaacha kovu. Ukipewa kortizone na kumbe ni TB, inaweza kuenea. Dawa za TB ni miezi 6 na zinatolewa bure.

Acha kujinunulia ibuprofen na diclofenac kwa farmasi, zinachoma utumbo. Acha sigara.

Kama njia imeshakuwa nyembamba, kula kidogo kidogo mara tano, na utafune kweli. Bugali laini, wali, viazi, avoka, samaki isiyo na miiba, sawa. Sombe itwangwe sana na iive sana, vikonyo vyote vitoke. Muhindi wa kuchoma, embe yenye nyuzi, karanga nzima, ngozi za machungwa, hizo zinaweza kukwama kama takataka kwenye mfereji.

Tumbo ikikaza, unatapika, choo na hewa havitoki: nenda usiku huo huo kwenye hospitali yenye kupasua. Usile. Nawaomba sana bamama, musimupige mgonjwa huyo lavema (maji ya kupitisha kwa nyuma), musimupe dawa ya kumufanya aharishe, utumbo unaweza kupasuka. Sisi tulipiga lavema mara mbili, ninajuta mpaka leo.

Kovu fupi saa zingine wanaipanua na puto kwa kolonoskopi, ingine wanaitanua kwa kisu bila kuondoa kipande cha utumbo, ingine wanaondoa kipande. Lakini kupasua hakuondoi Crohn, moto unapenda kurudi pale waliposhona, kwa hiyo mbele ya kutoka hospitali muulize dokta dawa gani utaendelea nayo, na kolonoskopi ya kuangalia ile mshono, ambayo inafanywa kati ya miezi 6 na 12, utaifanyia wapi.