Jinsi ya kuangalia Taxi Driver bila Travis kukuteka akili

Wengi wanaifungua hii muvi kwa ajili ya kile kipande cha Robert De Niro, ndo anamcheza Travis, anaongea na kioo, wanangoja risasi, saa nzima inakatika hawajaona mtu kapigwa, wanaizima. Wengine wanavumilia mpaka mwisho halafu wanatoka hapo wanamsifia jamaa eti shujaa, na hawa ndo wananichosha zaidi. Taxi Driver ya Martin Scorsese, ya 1976, ina namna yake ya kuangaliwa.

Maandalizi ni mafupi. Ina dakika 114, iangalie usiku, kwa mkupuo mmoja, vaa hedifoni kama unazo, simu iweke mbali. Watoto wasiwepo kabisa, kuna damu, kuna maneno ya kibaguzi, na kuna binti wa miaka 12 na nusu, Iris, anauzwa na kuwadi. (Jodie Foster aliyemcheza alikuwa na miaka 12 kweli wakati wanashuti, zile sehemu nzito walimtumia dada yake mkubwa kusimama badala yake.) Kuanzia hapa namwaga kila kitu mpaka mwisho wake, kama hupendi kuhadithiwa muvi kaiangalie kwanza.

Kitu cha kushika mapema: karibu kila unachokiona, unakiona kwa macho ya Travis Bickle. Huyu alikuwa mwanajeshi, usingizi hauji, kaamua kuendesha teksi usiku New York ili asilale macho bure. Waliishuti kiangazi cha 1975, mji hauna hela, joto kali, takataka zimejaa mitaani, kwahiyo uchafu anaoulaani ulikuwepo kweli. Ila mwangalie huyo anayelaani, anasema mji unanuka halafu akitoka kazini anaenda mwenyewe kukaa kwenye sinema za ngono. Ndo maana kila ukisikia sauti yake inasoma dayari jiulize, ananiambia nini na picha inanionyesha nini? Kuna sehemu anawaandikia wazazi wake kadi, anawaambia anafanya kazi nyeti ya serikali na ana mchumba anaitwa Betsy, wakati Betsy alishamtosa zamani na kazi yenyewe unaijua. Jamaa anadanganya, na wewe ndo umekaa kwenye teksi yake toka mwanzo.

Sasa vizia zile sehemu chache kamera inapomkimbia. Nzuri kuliko zote ni ile ya simu. Alimpeleka Betsy deti, wapi, kwenye sinema hizohizo za ngono, dada wa watu akaondoka zake. Sasa yuko ukutani anapiga simu ya kuomba msamaha, unasikia upande wake tu, na katikati ya maongezi kamera inamwacha, inasogea pembeni taratibu inakaa kwenye korido tupu, hakuna mtu, hakuna kinachotokea. Usirukishe hapo, kaa na hiyo korido. Ni kama kamera imeona aibu kwa niaba yake, na upweke wote wa hii muvi uko pale.

Halafu kuna mazungumzo na Wizard, dereva mwenzake mkongwe, Peter Boyle ndo anacheza. Watu wanaipita hii kama ya kujazia muda, mimi naona ndo roho ya muvi, maana ndo mara pekee Travis anajaribu kumwambia mtu kwamba kichwani kuna mawazo mabaya yanamjia. Hayawezi maneno, yanatoka vipandevipande, na Wizard naye anajibu maneno marefu ambayo hata mwenyewe haelewi anaelekea wapi, na hana ubaya wowote, hajui tu aseme nini. Basi imeisha hiyo, toka hapo hamwambii mtu tena, ananunua bastola.

Ile ya kioo sasa, skripti ya Paul Schrader ilisema tu anaongea na kioo, maneno De Niro aliyatunga palepale. Watu wanaiigiza kwa mbwembwe, lakini ukiitazama vizuri ni mtu anagombana na mtu ambaye hayupo, chumbani peke yake.

Muziki usikilize kwa ujanja. Ni wa Bernard Herrmann, alimaliza kuurekodi Desemba 1975 akafariki usiku uleule. Kuna saksafoni tamu ya mapenzi na kuna zile ngoma na tarumbeta nzito za kutisha, na utadhani saksafoni ni upande mzuri wa Travis, mpaka unamkuta yule kuwadi (Harvey Keitel ndo kamwigiza) anacheza na Iris taratibu anamdanganya kwamba anampenda, na sahani ya santuri inapiga wimbo uleule! Hapo ndo nilishikilia kichwa.

Mwisho wake ndo mtego mkubwa. Travis kanyoa kiduku, anaenda kumuua mgombea urais, walinzi wanamshtukia, anatimua mbio, na siku hiyohiyo usiku anaenda kumwaga damu kwa kuwadi. Magazeti yanamwita shujaa, wazazi wa Iris wanamwandikia barua ya shukrani. Tumezoea stelingi akishinda tunapiga makofi, ila kumbuka mtu ni yuleyule na silaha ni zilezile, angefanikiwa mchana angeitwa muuaji. Hata rangi ya mauaji pale imefifishwa makusudi ili wapitishwe na waliokuwa wanapanga madaraja ya filamu, na kwangu imezidi kuogofya.

Kuna wanaosema Travis alikufa palepale kwenye kochi baada ya hayo mauaji, na yaliyofuata ni ndoto zake. Zisome hizo nadharia ukipenda, ila baadaye. Kwanza rudisha nyuma dakika ya mwisho, Betsy ameshashuka kwenye teksi, kila kitu kimetulia, ghafla Travis anakiona kitu kwenye kioo, anakigeuza haraka, na kuna mlio mmoja wa ajabu uliochezwa kinyumenyume. Iangalie hiyo mara mbili, sauti juu, ndo uamue kama amepona.