Kupiga ultrasaundi ya tezi za mate pale unaposhuku Sjögren

Hapa Tanga, mtu mzima akivimba chini ya sikio huja kwenye chumba changu cha ultrasaundi na jina la uvimbe tayari: matubwitubwi. Lakini matubwitubwi hukaa siku chache yakaondoka. Uvimbe unaokuja na kurudi kwa miezi, huku kinywa na macho vikikauka, unataka jicho lingine. Huenda ni Sjögren, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeukia tezi za mate na za machozi. Huwapata zaidi wanawake, na jina ni la daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliyeueleza mwaka 1933.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujapaka jeli. "Shikamoo mama. Andazi kavu linapita bila chai?" Swali hili hunipa mengi kuliko "je, una ukavu wa kinywa?" Uliza kama macho yanachoma kana kwamba yana mchanga. Uliza dawa anazotumia, maana amitriptilini na baadhi ya dawa za mzio hukausha mate zenyewe. Uliza pia kama amepima VVU. Utaona sababu hapo chini.

Hatua ya 2: Mlaze vizuri. Mto chini ya mabega, uso ugeukie upande usiopigwa. Akiwa amevaa hijabu, funga pazia na uwe na muuguzi wa kike chumbani kabla hujamwomba ailegeze. Tumia probu (kifaa cha mkononi kinachopita juu ya ngozi) nyoofu, ile ya tezi ya shingo, megahezi 10 au zaidi.

Hatua ya 3: Rekebisha geini, yaani mwangaza wa picha. Tafuta msuli wa kutafuna pembeni ya tezi. Tezi yenye afya hung'aa kuliko msuli huo, na imeshikana sawasawa kama ugali uliosongwa ukaiva. Geini ikiwa chini mno, kila tezi itaonekana mgonjwa.

Hatua ya 4: Pita tezi zote nne. Parotidi mbili mbele ya masikio, na mbili za chini ya taya. Kila moja ipigwe kwa urefu na kwa upana, hata kama mgonjwa anaonyesha upande mmoja tu. Sehemu ya ndani ya parotidi hufichwa na mfupa wa taya. Andika kwamba haikuonekana, usibuni.

Sasa tafuta vitundu vyeusi. Tezi iliyoshambuliwa sana hufanana na kitumbua kilichoumuka ukikikata katikati. Hapa ndipo nilipojikwaa nilipokuwa mgeni wa kazi: nilihesabu "tundu" kubwa ndani ya parotidi, nikaandika ripoti kwa kujiamini, kumbe ni mshipa wa vena unaopita humo nyuma ya taya. Mkubwa wangu aliichukua probu, akaigeuza robo duara, na tundu langu likarefuka likawa bomba. Alipowasha dopla, inayoonyesha kwa rangi damu inayotembea, likajaa rangi. Tundu la kweli ukiligeuzia probu linabaki tundu. Tangu siku ile sihesabu kitu kabla sijageuza.

Hatua ya 5: Toa alama. Mfumo wa OMERACT, kundi la kimataifa la watafiti wa magonjwa ya baridi yabisi, wa mwaka 2019 una ngazi nne. 0 ni tezi ya kawaida. 1, imevurugika kidogo bila maeneo meusi. 2, maeneo meusi yapo, lakini nyama nzuri bado inaonekana kati yake. 3, weusi umeenea tezi nzima. Kila tezi ipewe alama yake.

Hatua ya 6: Jihadhari na wanaofanana. Vifuko vikubwa vya maji ndani ya parotidi zote mbili vinataka kipimo cha VVU kwanza. Jiwe kwenye mfereji hung'aa na kuacha kivuli nyuma yake. Bonge moja gumu, jeusi, linalokua haraka kuliko mengine, lisisubiri kliniki ya mwezi ujao: Sjögren huongeza hatari ya limfoma, saratani ya seli za kinga, na bonge hilo likatwe kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara (biopsi).

Hatua ya 7: Andika ulichoona. Usiandike "ana Sjögren". Vigezo vya kimataifa vya 2016 havina ultrasaundi. Vina kingamwili za anti-Ro, biopsi ya mdomo wa chini, kipimo cha mate, na karatasi ya Schirmer inayowekwa kwenye kope, ambapo machozi yakilowesha milimita 5 au pungufu kwa dakika 5 ni ukavu. Mimi humalizia hivi: "Parotidi zote ngazi ya 3, za chini ya taya ngazi ya 2. Naomba anti-Ro na VVU."

Kisha mpe mama kitambaa ajifute jeli, hasa nyuma ya sikio, inakoganda.