Klipu ya kombora ikishuka kwenye grupu, ipime hivi kabla hujafowadi

Kwenye magrupu ya wasap ya huku Arusha, hasa ya kijiwe na ya ukoo, haipiti muda mrefu bila kushuka klipu ya kombora linapaa kutoka melini, chini imeandikwa VITA YA TATU YA DUNIA IMEANZA TUOMBE, na dakika tano baadae kila mtu ni jenerali. Mara nyingi klipu hizo ni gemu tu, au ni mazoezi ya pamoja ya ulinzi wa anga ambayo nchi kadhaa zinafanya na zilishatangaza zenyewe. Kuvitofautisha hakuhitaji ofisa wa chuo cha jeshi cha Monduli, unahitaji bando kidogo na kidole kisichokimbilia kufowadi.

Anza na gemu maana ndo rahisi. Kuna gemu la kompyuta linaitwa Arma 3, vipande vyake vimesambazwa sana kama vita halisi mpaka mwaka 2022 mwezi wa 11 kampuni iliyolitengeneza, Bohemia Interactive, ikatoa maelezo ya jinsi ya kuvigundua: picha hafifu, kamera inatikisika, mara nyingi ni usiku, sauti hamna, na watu wanaotembea huwaoni kabisa. Mi naongeza kingine, sikiliza mlio. Sauti inatumia kama sekunde tatu kumaliza kilomita moja, kwaiyo mlipuko ulioko kilomita tatu toka kwa mpiga picha mlio wake unachelewa karibu sekunde tisa, sasa ukiona mwanga na mlio vimegonga pamoja na kitu chenyewe kiko mbali huko upeo wa macho, hio sauti imebandikwa. Ila kama kamera imefungwa kwenye meli hiohio iliyorusha basi kipimo hicho kiache.

Ikivuka hapo piga skrinshoti, lakini sio ya moto bana, moto wote unafanana. Simamisha video pale meli inapoonekana ubavu, kuna namba imechorwa kubwa kabisa. Ukiona 117 hio ni USS Paul Ignatius ya Marekani, ukiona F802 hio ni De Zeven Provinciën ya Uholanzi. Weka hio picha Google Lens au andika namba na jina la nchi utafute, utaletewa meli, na mara nyingi utaletewa na video yenyewe ya zamani ikiwa na tarehe yake. Klipu ya "jana usiku" ikikutwa ilipandishwa miaka mitatu iliyopita, kazi imeisha hapo.

Hizo meli mbili sijazitaja kwa bahati mbaya. Kuna zoezi linaitwa Formidable Shield, linaongozwa na jeshi la maji la Marekani upande wa Ulaya pamoja na wenzao wa NATO, ule muungano wa kijeshi wa Ulaya na Marekani, linafanyika kila baada ya miaka miwili tangu 2017, na makombora yanarushwa kwenye eneo la majaribio la visiwa vya Hebrides huko Scotland. Kwa miaka ya karibuni limekuwa likiangukia mwezi wa tano, 2021, 2023, 2025, kwaiyo Mei ya mwaka wa namba witiri ukiona grupu limewaka makombora ya melini, anza kutafuta kwa jina hilo.

Na ukishajua ni zoezi usiishie kuangalia linavyopaa, jiulize nani aliliona na nani alilipiga, maana utamu wote uko hapo. Mwaka 2021 ile ya Uholanzi ndo iliyolinasa kombora lengwa, yani lile lililorushwa makusudi liwe shabaha, kwa rada yake ya masafa marefu, ikatuma taarifa kwa Paul Ignatius, na Paul Ignatius ikarusha kombora aina ya SM-3 likaenda kuligonga huko juu nje ya angahewa. SM-3 haina hata baruti kichwani, inaua kwa kugonga tu, kwaiyo mtu akikutumia mlipuko mwekundu mzuri akasema ni SM-3 imedungua angani, mwambie alete nyingine. Sasa piga hesabu ya muda: kombora la balistiki, yani linalorushwa juu kisha linaanguka lenyewe kama jiwe, la masafa ya kilomita elfu moja linafika kasi ya kama kilomita tatu kwa sekunde, yani Arusha mpaka Moshi, ile safari ambayo Kosta inasimama Usa River, Boma Ng'ombe na kila mwenye mzigo barabarani, lenyewe linaimaliza kwa nusu dakika hivi. Kwa kasi kama hiyo, ndani ya dakika chache tu, jeshi la nchi moja liwape data jeshi la nchi nyingine, mashine zao zisomane, na mtu aamue.

Mitambo hii ikikosea watu wanakufa, na wameshakufa. Tarehe 25 Februari 1991 huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Marekani wa kudungua makombora unaoitwa Patriot ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100 mfululizo, saa yake ya ndani ikawa imepotea kwa kama theluthi moja ya sekunde, kombora la Iraq aina ya Scud likapita, wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Machi 2003 Patriot tena ikadungua ndege ya Uingereza aina ya Tornado, ya upande wao wenyewe, wote wawili waliokuwemo wakafariki. Ndo maana sehemu kubwa ya mazoezi haya huwezi kuiona kwenye klipu yoyote, ni watu wamekaa mbele ya skrini wanafukuza makombora ya kompyuta na kubishana hii ndege ni yetu au sio yetu.

Sasa klipu ikidai ni jeshi la Afrika Mashariki linajaribu makombora, ongeza shaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki makao yake yako hapahapa mjini, na mazoezi yao ya pamoja ya Ushirikiano Imara yamekuwa ya kulinda amani, ugaidi, uharamia na maafa. Na ukisikia milio kweli upande wa kambi yoyote usitoke na simu kwenda kurekodi, kambi za jeshi hazipigwi picha, na chuma chochote utakachokikuta porini kwenye eneo la shabaha usikiguse, waambie na watoto wanaochunga mifugo.

Bado kuna aliyeituma. Kama ni chalii mwenzako mjibu hapohapo grupuni na umcheke. Kama ni mzee usimuumbue mbele za watu, nenda inboksi: "Shikamoo mzee wangu, ile video nimeiangalia ni mazoezi ya 2021 huko Scotland, link hii hapa." Mara nyingi ataifuta mwenyewe na atakujibu marahaba, asipoifuta mpigie admini.