Kipato kidogo na watoto wa shule: pa kuanzia ukiwa Arusha au Moshi

Wazazi wenzangu, naandika hii kwa ajili ya yule anayelipwa kwa siku, wa kibarua, wa kuuza ndizi Kilombero, wa kufulia watu nguo Pasua. Kwetu sisi afya ya watoto na shule haviharibiki siku moja, vinaharibika kidogo kidogo kila hela inapopungua: leo tumeruka uji wa asubuhi, kesho mtoto ana homa tunampa Panadol tusikilizie kwanza, wiki ijayo hana daftari, na muhula ukiisha unaitwa shuleni unaambiwa mwanao ni mzito kuelewa. Si mzito jamani. Ana njaa, au anaumwa, au vyote viwili.

Kwa hiyo cha kwanza ni kujua hela ikikata unapunguza wapi, na mimi nasema uji wa asubuhi uwe wa mwisho kabisa kuguswa. Nunua mahindi sado moja moja ukasage dona badala ya sembe, inashibisha zaidi na virutubisho havibaki mashineni. Ukipata karanga au dagaa weka, ila karanga zilizosinyaa au zenye ukungu usisage hata kama zimeuzwa bei ya kutupa, sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haiishi kwa kuchemsha. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, na udumavu wa kabla ya miaka 2 ndo mgumu sana kurudisha nyuma, unaenda nao mpaka darasani. Ndo maana kliniki usiache kwenda hata kama chanjo zimeisha, pale ndo utajua mapema mtoto akianza kupungua uzito.

Sasa maji, na hapa nataka watu wa Arusha mnisikilize vizuri. Maji ya upande wa Meru, Maji ya Chai, Ngurdoto na maeneo ya jirani yana floraidi nyingi, ndo inayofanya meno ya watoto yawe ya kahawia na ikizidi inapinda mifupa ya miguu. Wengi tunadhani ukichemsha imeisha, hapana, kuchemsha kunaua vijidudu tu, floraidi inabaki na maji yakipungua kwenye sufuria ndo inazidi kukolea. Meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi tangu utotoni, kwa hiyo kama hela haitoshi maji mazuri kwa wote, dumu la maji mazuri liwe la wadogo, la kunywa na la uji, nyie wakubwa mtajua mtafanyaje. Mvua zikinyesha kinga ya bati, ya mwanzo iache isafishe paa kwanza, ukishakinga funika, na ya kunywa uichemshe. Halafu kuna magadi tunayoweka kwenye makande ili yaive haraka, yana floraidi nayo. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, yataiva bila magadi na mkaa utaokoa pia.

Mtoto akiumwa usisubiri mpaka hela itimie. Kwa sera ya afya mjamzito na mtoto chini ya miaka 5 hawatakiwi kulipia matibabu kwenye vituo vya serikali. Najua unaweza kufika ukaambiwa dawa hamna nenda kanunue duka la dawa, imenikuta na inauma sana, lakini kumuona daktari na ushauri ni haki yako. Kwa mkubwa asiye na uwezo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali, na ukiweza pitia kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua, inarahisisha maongezi.

Kinachomaliza familia nyingi ni mkopo wa kausha damu uliochukuliwa siku mtoto anaumwa, marejesho ni kila siku, na yanatoka kwenye sufuria. Afadhali uingie kikoba mapema, vingi vina mfuko wa jamii wa kusaidia msiba na ugonjwa. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri haina riba, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za wenye ulemavu, mnaomba kama kikundi, afisa maendeleo ya jamii wa kata ndo wa kumuona.

Shule za serikali ada hakuna tangu 2016 mpaka form four, na tangu 2022 form five na six nao. Michango ipo, lakini maelekezo ni kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu yake, kwa hiyo usimfiche ndani kwa aibu, nenda wewe ukaongee na mwalimu mkuu mpange utalipaje. Binti aliyejifungua naye anaruhusiwa kurudi, tangu Novemba 2021. Nenda naye mwenyewe, beba matokeo yake ya mwisho, mpange kabisa nani atabaki na kichanga, na ukizungushwa pale shuleni usirudi nyumbani, pita kwa afisa elimu kata siku hiyohiyo.