Namna ya Kuchora Bango la Sinema Ambalo Steringi Wake ni Gunia la Lumbesa

Mchoraji Louie Cordero, aliyezaliwa Manila mwaka 1978, amejenga kazi yake juu ya vitu ambavyo watu wa mji wake huviona kila siku bila kuviita sanaa: sinema za kutisha za gharama ndogo, vitabu vya katuni, na jeepney, yale magari ya abiria yaliyoanza kuundwa kutokana na jeep za jeshi la Marekani zilizobaki Ufilipino baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambayo hupambwa kwa rangi kali, picha za watakatifu na maandishi ya kila namna. Mwaka 2011, katika maonyesho ya Singapore Biennale, alileta kazi aliyoiita My We, yenye sanamu za watu za faibaglasi zilizochomwa kwa vitu vyenye ncha, pamoja na karaoke, akigusia mauaji yaliyotokea nchini kwake katika ugomvi wa baa uliozushwa na kuimbwa kwa wimbo My Way. Alichukua starehe ambayo kila mtu anaijua, akaigeuza kidogo, jeraha lililokuwa ndani yake likaonekana.

Anayetaka kufanya kazi ya namna hiyo akiwa Mbeya, Iringa au Njombe asianze kwa kuchora jeepney. Aanze kwa kujiuliza ni picha gani ambayo watu wa mtaa wake wanaisoma bila kufundishwa. Yako maneno ya nyuma ya bajaji, iko khanga, ziko jezi za mpira. Lakini mimi hupendelea bango la kibanda cha video, kwa sababu lina kanuni ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anaijua: steringi, yaani mhusika mkuu, husimama katikati akiwa mkubwa kuliko wote, adui hutokea pembeni akiwa amekunja uso, moto huwaka nyuma yao, na jina la sinema huandikwa kwa herufi nyekundu zenye kivuli. Kila mtazamaji pia anajua kwamba steringi hafi, hata apigwe risasi ngapi.

Baada ya picha kupatikana, itafutwe kero, nayo iwe moja. Kwa nyanda zetu za juu sioni iliyo wazi kuliko lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Mkulima wa viazi wa Isongole au Makete huuza kwa gunia, na mnunuzi hulijaza gunia hilo mpaka mdomoni, kisha huongeza viazi juu na kuvizungushia kamba, hata gunia likaota kichwa cha pili ambacho mkulima halipwi. Sheria inataka mzigo wa mazao usizidi kilo 100, na katazo la lumbesa limetangazwa tena na tena, lakini msimu ukifika gunia lenye kichwa huonekana tena barabarani. Hapo ndipo picha na kero zinapokutana zenyewe: lumbesa ndiye steringi asiyekufa. Mpe gunia nafasi ya katikati, miguu iliyopanuliwa na mikono kiunoni, moto nyuma yake; pembeni, mahali pa adui, mweke mkulima mdogo aliyeshika jembe, na juu ya vyote andika STERINGI HAFI. Mtazamaji atacheka, kisha atajiuliza kwa nini mkulima amewekwa upande wa adui, na swali hilo ndilo kazi yako yote.

Usiongeze kitu kingine. Bango langu la kwanza lilikuwa na lumbesa, mizani iliyopinda, lori, mtoto asiye na ada ya shule na noti zinazopeperuka, nililisimamisha karibu na wauza viazi pale Uyole, na mama mmoja alilitazama kwa subira kubwa akaniuliza, “Mwanangu, hili tangazo la benki?” Nilirudi nyumbani nikafuta vitu vinne, na nilipolipeleka tena, maelezo hayakuhitajika.

Kwa vifaa, hatuna haja ya kwenda mbali. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora juu ya hadibodi kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, na vifaa hivyo bado vinafaa kuliko turubai ya bei kubwa. Bao moja la futi 4 kwa 8 likikatwa vizuri hutoa mabango manne ya futi 2 kwa 4. Upande laini upigwe msasa kidogo ili rangi ishike, upakwe rangi nyeupe, kisha uachwe mpaka ukauke kabisa. Jambo hili huwashinda wengi kwetu, kwa kuwa Juni na Julai baridi ya Mbeya huchelewesha rangi ya mafuta, na kinachoonekana kikavu asubuhi huwa bado kinanata chini. Asijaribu mtu kuharakisha kwa jiko la mkaa: mvuke wa thina, kimiminika cha kulainishia rangi, hushika moto upesi. Afungue dirisha, asubiri siku mbili.

Picha huchorwa kwanza kwa penseli kwenye karatasi yenye miraba, kisha hukuzwa mraba kwa mraba kwenye bao. Maeneo makubwa, yaani anga na moto, hupakwa kwanza bila vivuli. Gunia hufuata, na mistari myeusi huja mwisho kwa brashi nyembamba. Rangi iongezwe thina kidogo sana, la sivyo itachuruzika. Gunia linastahili saa nyingi kuliko kitu kingine chochote. Chora nyuzi zake, mshono wa kamba, uvimbe wa kila kiazi unaosukuma kutoka ndani, kwa uaminifu kiasi kwamba mkulima alitambue kuwa ni lake, kwa sababu uongo wa bango hauaminiki ikiwa gunia lenyewe ni la kubuni. Herufi zipimwe kwa rula kabla ya kupakwa. Herufi zilizobanana mwishoni mwa mstari huharibu hata picha nzuri.

Usichore uso wa mnunuzi anayejulikana wala nembo ya kampuni yoyote. Unachora desturi, na mtu mmoja akitambulika, mazungumzo yatahamia kwake na huenda yakakufikisha mahakamani. Vilevile usinakili bango la sinema halisi, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji wa bango hilo kama inavyokulinda wewe.

Likikauka, omba ruhusa kwa mwenye kibanda ulisimamishe katikati ya mabango yake ya kweli, bila jina lako na bila maelezo, kisha ukae mbali kidogo usikilize. Wakipita watu kumi bila hata mmoja kusimama, kosa huwa kwenye ukubwa wa gunia au rangi ya moto, mara chache kwenye wazo. Piga picha, lirudishe nyumbani, lipige msasa mahali pale tu panapohitaji, upake upya.