Jinsi ya Kuisoma Ramani ya Kale ya Afrika, Ukianzia Mwambao Wetu

Ukipata ramani ya kale ya Afrika, iliyochongwa kwenye bamba la shaba na kupigwa chapa Ulaya, usianze kwa kutazama meli za matanga wala ndovu waliochorwa katikati ya bara. Anza na mwambao wetu. Majina ya pwani yatakuonyesha mchoraji alipata wapi habari zake, na mara nyingi yatakujulisha umri wa ramani hata kabla hujausoma mwaka ulioandikwa pembeni.

Yasome kwa sauti. Katika ramani ya Abraham Ortelius, iliyotoka Antwerp mwaka 1570, utakuta Quiloa, Mombaza na Melinde, na ukiyatamka polepole utazisikia Kilwa, Mombasa na Malindi kama zilivyoingia masikioni mwa mabaharia wa Kireno. Dar es Salaam hutaiona humo, wala katika ramani ya kweli ya karne ya 18, kwa sababu Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba ramani yake ni ya mwaka 1750, nawe ukaliona jina la mji wetu juu yake, mrudishie na umuage. Jina hilo likiandikwa Daressalam, kwa neno moja, hiyo ni tahajia ya Wajerumani.

Ukishamaliza pwani, ingia bara, na huku usiharakishe. Ramani za karne ya 16 na ya 17 zimejaa milima, falme na mito, pamoja na maziwa mawili makubwa kusini mwa ikweta, ambayo wachoraji waliyarithi kutoka kwa Ptolemy wa Aleksandria, mwanajiografia wa kale, wakiamini kuwa ndiyo chimbuko la Naili. Wanunuzi wengi huvutwa na ramani iliyojaa hivyo. Mimi naiheshimu zaidi ile ya Jean-Baptiste d'Anville wa Paris, ya mwaka 1749, kwa kuwa aliyaondoa mambo mengi asiyoweza kuyathibitisha, akakubali kuacha sehemu kubwa ya karatasi ikiwa nyeupe. Ila weupe huo usiusome kama nchi isiyo na watu. Maana yake ni kwamba habari za huko hazikumfikia mchoraji. Wala usidhani kuwa baada yake makosa yalikoma, maana Mwingereza James Rennell alichora Milima ya Kong kukatiza Afrika Magharibi mwaka 1798, na wachoraji waliendelea kuinakili karibu miaka 90, hadi safari ya Mfaransa Binger ya 1887 hadi 1889 ilipoonyesha kwamba haipo.

Ramani inayonigusa kuliko zote ni ile ya wamisionari Erhardt na Rebmann, waliokuwa Rabai karibu na Mombasa, iliyochapishwa Gotha mwaka 1856. Ndani yake kuna ziwa moja kubwa mno, limelala kama ruba aliyeshiba, nalo linaitwa Uniamesi. Litamke jina hilo: ni Unyamwezi. Watu wa misafara walieleza kwamba njia zao, kila moja kwa upande wake, ziliishia kwenye maji makubwa, nao walisema kweli. Kosa lilikuwa la kuyaunganisha Nyasa, Tanganyika na Nyanza (Viktoria) yakawa ziwa moja. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Tanganyika mwaka 1858, na Speke bila Burton alipofika Nyanza mwaka huohuo, waliongozwa na watu waliozijua njia hizo tangu zamani.

Sasa chukua lenzi uichunguze chapa yenyewe. Mchongaji alichimba mistari kwenye shaba kwa chombo chenye ncha kali, akiandika kila neno kinyumenyume. Wino ukajazwa katika vifereji hivyo, uso wa bamba ukafutwa, kisha karatasi yenye unyevu ikakandamizwa juu yake. Kwa hiyo mstari wa kweli ni mweusi mfululizo, hunyauka kuelekea mwisho, na hupapasika kidogo kwa kidole, huku ukingo wa bamba ukiacha mbonyeo kuizunguka picha. Ukiona vitone vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa safu, hiyo ni nakala ya mashine za siku hizi. Iinue pia karatasi dhidi ya mwanga wa dirisha: nyingi za kabla ya mwaka 1800 huonyesha mistari ya waya za kalibu iliyotengenezea karatasi.

Kuitunza ramani hapa Dar es Salaam ni kazi, kwa sababu ya joto na unyevu wetu. Fundi mmoja wa fremu aliigandisha ramani yangu kwa gundi kwenye ubao, na nilipoifungua baada ya masika nilikuta kuvu nyuma yake na karatasi imemeguka palipopakwa rangi ya kijani, kwani kijani cha zamani kilichotokana na shaba huila karatasi taratibu. Mwambie fundi wako atumie kadibodi isiyo na asidi, asitie gundi wala selotepu, na aache nafasi kati ya karatasi na kioo. Itundike mbali na jua na mbali na ukuta wa bafu, na kila masika yanapokwisha ishushe, uigeuze, ukague mgongo wake kama kuna madoa ya kahawia au njia za mchwa.