Aiskrimu ya nazi isiyo na maziwa, bila mashine

Wenzangu, niliahidi somo hili tangu picha ya bakuli langu la aiskrimu ya sikukuu ya Idi ilipozua maneno kikundini. Nimeandika kirefu kwa sababu nimechoka kumjibu mmoja mmoja, na maswali mliyonitumia nimeyaweka chini pamoja na majibu yake.

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza kuipika, siku ya Idi hapa hapa Kibuli, Kampala, mtoto wa wifi yangu alikuwa amekatazwa maziwa na daktari, na nyumba imejaa wageni. Nikakuna nazi mbili, nikakamua tui la kwanza, la pili, hata la tatu, ili liwatoshe wote. Sukari nikaipunguza, nikisema watoto wamekula visheti vya kutosha. Asubuhi yake nikatoa jiwe kwenye friza. Kijiko kilipinda. Mume wangu akaenda kuleta panga, nilidhani anatania.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba adui wa aiskrimu ya nazi ni maji. Maji yakiganda yanajikusanya yakawa chembe kubwa za barafu, na ulimi unazisikia mara moja. Mafuta ya nazi, sukari na unga kidogo ndivyo vinavyozizuia chembe hizo zisikue. Kwa hiyo kila mtakaponiona ninang'ang'ania kitu kidogo hapa chini, jueni ninapigana na maji.

Mahitaji: nazi 3 kubwa zilizokomaa, maji ya vuguvugu vikombe 2, sukari robo tatu ya kikombe, asali vijiko 2 vya chakula, kornfloa vijiko 2 vya chakula, chumvi robo kijiko cha chai, vanila kijiko 1 cha chai. Kikombe changu ni cha mililita 250. Inatoka karibu lita moja.

Hatua ya 1: nazi. Nazi tunazonunua masoko ya Owino na Nakasero nyingi zimetoka pwani ya Kenya au Tanzania juu ya lori, zaidi ya kilomita elfu moja, na nyingine zimekaa sokoni siku nyingi. Sisi tuliozaliwa Tanga tulizoea kuangua nazi na kuivunja siku hiyo hiyo, hapa huwezi. Itikise sikioni: isiyolia maji iache. Tazama yale macho matatu, yakiwa na ukungu au unyevu, iache pia, hata mama wa sokoni akiapa. Nunua 4 ili moja ikiharibika usirudi mjini na boda. Ukishavunja, nusa kila moja peke yake kabla hujaichanganya na wenzake. Nazi mbovu harabu ya nzima. Waliosema hivyo walikuwa na akili ya jikoni.

Koroma haifai hapa, wala dafu. Lina utamu, lakini mafuta bado.

Hatua ya 2: tui. Hapa msiharakishe. Kama unayo mbuzi ya kukunia nazi, kuna taratibu na usifike kwenye kifuu, maana ile ngozi ya kahawia italichafua tui. (Mbuzi yangu nilikuja nayo kutoka nyumbani imefungwa ndani ya mkeka, na utingo wa basi akaniuliza kama ni kiti cha mtoto.) Usipokuwa nayo, bandua nyama kwa kisu, menya ngozi ya kahawia, katakata vipande vidogo, utie kwenye blenda pamoja na yale maji. Maji yawe vuguvugu ya kuvumilika na mkono: ya baridi hayatoi mafuta vizuri, ya kuchemka yatakuunguza unapokamua.

Waliokuna kwa mbuzi wamimine maji juu ya nazi, wafikiche kwa mkono dakika tano hivi. Kisha kamua kwa kifumbu au kitambaa safi cha pamba, kwa nguvu zako zote. Hilo ndilo tui la kwanza, na ndilo peke yake linaloingia kwenye aiskrimu. Upate vikombe 3. Vikipungua kidogo, pungukiwa hivyo hivyo. Usiongeze la pili! Maziwa ya kawaida ya ng'ombe yana mafuta kama asilimia 4 tu. Tui zito lililokamuliwa vizuri hufika 20 na zaidi. Utajiri huo ukiuchanganya na maji umeutupa.

Hatua ya 3: kupika. Chota tui nusu kikombe likiwa baridi, korogea kornfloa humo mpaka lisibaki donge. Lililobaki litie kwenye sufuria na sukari, asali na chumvi, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha. Tui ukiliacha lichemke peke yake linakatika, mafuta juu na maji chini, kila mpishi wa wali wa nazi analijua hilo. Likianza kutoa mvuke mimina ule mchanganyiko wa kornfloa na uendelee kukoroga mpaka liwe zito la kuushika mwiko: pitisha kidole mgongoni mwa mwiko, mstari ubaki. Lichemke kidogo, dakika moja tu, ladha ya unga mbichi iishe. Epua, tia vanila.

Kuhusu vanila nina dukuduku. Uganda hii inalima vanila, Mukono na Bundibugyo, maua yanachavushwa kwa mkono moja moja na ganda linakaa mtini miezi kama tisa. Halafu karibu yote inapanda ndege, sisi tunabaki na kichupa cha maji ya kahawia yenye harufu ya duka. Ukimpata mkulima wa kukuuzia ganda moja, lipasue, kwangua mbegu zake nyeusi uzipike pamoja na tui tangu mwanzo. Utanishukuru.

Hatua ya 4: kupoza. Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, koroga mpaka joto liishe, kisha funika na uweke kwenye friji saa nne au usiku kucha. Usiingize kwenye friza uji wa moto, utaganda polepole na chembe zitakuwa kubwa.

Hatua ya 5: kugandisha. Mimina kwenye trei pana ya chuma, kina kisizidi vidole viwili. Friza iwe imefunguliwa baridi yake yote tangu jana. Baada ya dakika 45 kingo zitakuwa zimeshika: zikwangue kwa uma, zirudishe katikati, zipige mpaka zilainike. Rudia kila nusu saa, mara nne au tano. Kila unapopiga unazivunja zile chembe na kuingiza hewa. Ikishakuwa nzito kama ugali laini, hamishia kwenye chombo chenye mfuniko, bandika karatasi ya nailoni juu yake igusane nayo, uiache saa sita.

Mvivu, kama mimi siku za kazi, agandishe uji wenyewe kwenye vile vitrei vya vipande vya barafu, kisha avisage kwenye blenda yenye nguvu na kuvirudisha kwenye friza saa mbili. Inatoka laini kuliko ya uma. Ila blenda dhaifu itaungua mota, msije mkanidai.

Kabla ya kupakua itoe nje dakika 10 mpaka 15.

Matunda? Fenesi lililoiva sana, lililosagwa, kikombe kimoja, ndilo bora kuliko yote, kwa sababu nyama yake haina maji mengi na harufu yake inapendana na nazi. Bogoya, ile ndizi mbivu ya kula, lililoanza kuwa na madoa linafuata. Nanasi na pasheni lazima uvichemshe kwanza na sukari kidogo mpaka vikauke viwe kama jamu. Embe inategemea aina. Tikiti, tafadhali, lile hivyo hivyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Jinja: Dada, mimi nina friji ndogo ya mlango mmoja, kile kichumba cha juu kinagandisha maji tu, aiskrimu inabaki uji. Nifanyeje?

Kichumba hicho hakifiki baridi inayotakiwa. Friza nzuri inakwenda nyuzi 18 chini ya sifuri, na mchanganyiko wenye sukari hauwezi kushika kwa baridi ya kugandisha maji matupu. Fanya kama walivyofanya watu kabla ya friza. Vunja barafu, changanya na chumvi ya mawe, uzani wa barafu 3 kwa chumvi 1, ndani ya ndoo. Chumvi inaifanya barafu iyeyuke huku ikizidi kuwa baridi, na ukichanganya vizuri inashuka nyuzi nyingi chini ya sifuri. Tia uji wako kwenye kopo la chuma lenye mfuniko, lizungushe humo ndani, ukifungua kila dakika tano kukwangua pembeni. Nusu saa inatosha kupata aiskrimu laini. Chumvi ya ziwa Katwe ile ya mabonge inafaa sana na ni bei rahisi kuliko ya mezani. Barafu ya kununua mwaloni ziwani, ile ya kuhifadhia samaki, inafaa pia, mradi isiguse chakula.

Kutoka Arua: Huku nazi hatuzioni. Je, tui la kopo au la unga?

La kopo linafaa. Usilitikise, liweke kwenye friji usiku mmoja, ufungue, utumie ule mgando mzito wa juu na kuongeza maji yake kidogo kidogo tu mpaka vitimie vikombe 3. Makopo mawili ya mililita 400 yanatosha. Soma pembeni: nazi iwe ya kwanza kwenye orodha, na asilimia yake iwe kubwa. Tui la unga lichunguze kwa macho mawili. Mengi yametiwa kaseini, nayo ni protini ya maziwa ya ng'ombe. Mtu anaona picha ya mnazi kwenye pakiti, kumbe amempa mtoto kile kile alichokatazwa.

Kutoka Kawempe: Mwanangu maziwa yanamjaza tumbo gesi, lakini mtindi kidogo haumdhuru. Wa jirani yangu akinywa maziwa anavimba midomo. Hao wote wale hii?

Mama, hayo ni mambo mawili tofauti. Wa kwako yaelekea anashindwa kusaga sukari ya maziwa, jambo la kawaida sana kwetu Waafrika, na mtindi una sukari hiyo kidogo zaidi. Wa jirani ana mzio, mwili wake unapigana na protini ya maziwa, na hata tone linaweza kumletea hatari. Aiskrimu yenyewe haina maziwa, ila kwa mtoto wa jirani kila kitu kinachoigusa kichunguzwe: koni za biskuti, chokoleti, hata kijiko kilichochota ya maziwa. Na daktari wake aulizwe kuhusu nazi kwanza.

Kutoka Entebbe: Yangu imetoka na vitu kama nta, vinaganda kwenye paa la mdomo.

Hayo ni mafuta ya nazi yaliyojitenga. Mafuta haya yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana Kampala asubuhi chupa ya mafuta ya nazi inakuwa nyeupe wakati Tanga inabaki kama maji. Uji wako ulipoa polepole bila kukorogwa, au ulikatika motoni ukauacha. Usitupe. Uyeyushe, upashe moto mpaka uwe wa moto kabisa, usage kwenye blenda dakika moja, uupoze upesi kwenye maji ya barafu ukikoroga, ugandishe upya.

Kutoka Bombo: Hajati, mzee nyumbani ana kisukari. Nikitoa sukari yote nikaweka zile tembe tamu?

Utapata jiwe langu la Idi, ndugu yangu. Sukari haipo kwa ajili ya utamu tu, ndiyo inayoizuia aiskrimu isigande ngumu, na tembe haifanyi kazi hiyo. Asali nayo ni sukari, usidanganyike. Unaweza kupunguza vijiko viwili vitatu na kutia bogoya lililosagwa, lakini bogoya pia lina sukari yake na tui lina mafuta mengi. Mzee apewe vijiko viwili kwenye bakuli dogo, siku ambayo hali yake ni nzuri, na kama ana mtu anayempangia chakula hospitalini amwulize yeye.

Kutoka Nakawa: Yaka, umeme wa kulipia kabla, iliisha usiku, asubuhi nimekuta imeyeyuka. Nigandishe tena?

Kama bado ni baridi na ina barafu ndani, ipige na uirudishe, itakuwa na chembe lakini italika. Ikiwa imekuwa vuguvugu, imwage. Tui linachacha upesi kuliko unavyodhani, na kuganda hakuui vijidudu, kunavilaza tu.

Huyo huyo: Na nikitaka kuuza vijana wa gereji wanunue?

Anza na vikombe vidogo, uandike juu yake kilichomo. Ukitaka kuingia madukani itabidi uende UNBS, shirika la viwango la Uganda, kuomba alama ya ubora, na hapo jiko lako litakaguliwa. Uma utabidi uuache, ununue mashine.

Kutoka Kibuli, jirani ambaye angeweza kugonga mlango: Sasa tui la pili na machicha tutupe?

Thubutu! Machicha yakaushe kwenye kikaango, utie kwenye kashata. Tui la pili pikia maharage, au njoo Jumamosi, mimi nitalipikia ngege, yaani samaki sato.